Motakaa Kuukuu na Siku ya Kukaguliwa



Mazungumzo yetu ya leo yahusu motakaa kuukuu. Hatutasema habari za magari mapya yang'aayo katika madirisha ya maduka, ambayo wengi wetu huyatazama kwa macho tu na kupita. Twasema habari za gari la miaka kumi na mitano au zaidi, lililokwisha kupita katika mikono ya wenyewe watatu au wanne, lenye kikwaruzo ubavuni na mlango mmoja usiokubali kufungwa ila kwa kubamizwa. Juu ya hayo yote ndilo gari limpelekalo baba kazini, na mtoto shuleni, na mgonjwa hospitali. Gari la namna hiyo, likiwa katika nchi ya Uingereza, lina siku moja katika mwaka iliyo kama siku ya hesabu kwake. Siku hiyo hupelekwa kwa mkaguzi, naye akiona lina kasoro kubwa hulikataa. Shauri letu jioni hii ni hili: mwenye gari afanye nini kabla ya siku ile kufika?

Twanena habari za Uingereza kwa sababu ndiko tunakokaa sasa, pamoja na watu wengi wa kwetu waliotoka Mombasa, Unguja, Tanga na kwingineko. Lakini chuma ni chuma, na mpira ni mpira, popote viwapo. Asikilizaye akiwa Dar es Salaam au Lamu ataona kwamba sheria tutakazozitaja si zake, lakini kazi tutakayoieleza yamfaa kama itufaavyo sisi.

Kwanza tueleze asili ya ukaguzi huu. Sheria iliyoupa nguvu ilitungwa katika mwaka 1956, na ukaguzi wenyewe ulianza mwezi wa Septemba 1960, zamani za Waziri wa Usafirishaji, Bwana Ernest Marples. Wakati ule yalitazamwa mambo matatu tu, yaani breki, taa na usukani. Na magari yaliyopasiwa kukaguliwa ni yale yaliyokwisha kutimiza miaka kumi. Basi magari mengi mno yakashindwa. Serikali ilipoona hivyo haikungoja. Mwisho wa mwaka 1961 umri ukashushwa ukawa miaka saba, na mwezi wa Aprili 1967 ukawa miaka mitatu. Matairi yaliongezwa katika hesabu mwaka 1968, na baada yake mambo mengine mengi. Wizara iliyouanzisha imekwisha badilishwa jina, lakini watu wangali wakiuita ukaguzi huu kwa herufi tatu za jina lile la kale, M.O.T., na mtu akizitamka kila mwenye gari hujua maana yake.

Ziko motakaa zinazoweza kusamehewa. Tangu mwezi wa Mei 2018, gari lililopita miaka arobaini, kama halikugeuzwa sana umbile lake, laweza kutopelekwa. Lakini kusamehewa ukaguzi si kusamehewa ajali, na sheria bado yamtaka mwenyewe aliweke katika hali ya kufaa barabarani.

Sasa, kabla ya kutoa mashauri, yafaa tusimulie yaliyotupata sisi wenyewe, maana mtu husadiki zaidi maneno ya aliyekwisha kuungua.

Tulipohamia Uingereza tulinunua motakaa ya miaka kumi na minne. Ilikuwa nzuri kwa macho, na mota yake haikupiga kelele. Siku moja tukaona rangi imevimba kidogo chini ya mlango wa nyuma, kama ngozi iliyopatwa na lengelenge. Tulijua ni kutu. Tukampelekea fundi mmoja, naye akatutajia bei ya kukata chuma kibovu na kuunga kipya kwa moto. Bei ile ilituzidi. Basi tukamwambia neno ambalo hata leo twalionea haya. Tulimwambia, "Bwana, fanya tu lisionekane." Naye akafanya vile vile tulivyotaka. Akajaza kandiko gumu, akalilainisha, akalipaka rangi, na mahali pale pakawa safi kama upande wa pili.

Siku ya ukaguzi ilipofika tuliamka mapema, tukaiosha motakaa yetu kwa sabuni, tukaifuta vioo, tukaipeleka tukiwa na furaha. Baada ya muda wa saa moja mkaguzi alitoka na karatasi. Makosa yalikuwa matano. Manne yalikuwa mambo madogo kabisa: taa ya nambari ya nyuma imekufa, mpira wa waipa umechanika, chupa ya maji ya kuoshea kioo ni tupu, na tairi moja la mbele limelika upande wa ndani. La tano lilikuwa kutu. Yule mtu hakudanganyika kwa rangi. Alikuwa na kifaa kidogo, akagonga nacho taratibu chini ya gari. Mahali pazima pakalia kwa sauti kavu ya chuma, na mahali petu pakatoa sauti nzito, kama nazi iliyooza. Alipobonyeza kwa kidole gumba, kandiko likabanduka, na nyuma yake palikuwa na tundu. Karibu na tundu lile ndipo ulipofungiwa mkanda wa kiti cha nyuma.

Akatuuliza, "Bwana, nani hukaa upande huu?"

Tukamjibu, "Mtoto wetu. Ana miaka sita."

Hakusema neno jingine. Akatupa karatasi, akaenda kushughulika na gari la mtu mwingine.

Tulirudi nyumbani kwa basi. Jirani yetu ni mzee mmoja wa Mombasa, aliyekuwa fundi wa magari huko Kilindini kwa miaka mingi kabla ya kuja kukaa na watoto wake. Tulipomsimulia habari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Mwanangu, wewe uliiosha motakaa, hukuitazama." Tukamwambia, "Kweli, Mzee. Basi tufundishe kuitazama." Naye akatufundisha. Mashauri tutakayoyatoa sasa ni yake, tukiyaongezea yale tuliyojifunza wenyewe katika miaka iliyofuata.

Shauri la kwanza ni la wakati. Mtu asingoje siku ya mwisho. Sheria yaruhusu gari kupelekwa mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya hati ya zamani kwisha, na tarehe ya mwaka ujao isibadilike. Kwa hiyo mwenye kuwahi hapotezi kitu, bali apata nafasi ya kutengeneza gari lake hali angali na ruhusa. Tena kuendesha gari lisilo na hati, mtu akipatikana na hatia, faini yaweza kufika pauni 1,000. Nasi twamshauri kila mtu atenge jioni moja, wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, wakati jua lingali juu, akae na motakaa yake kama mtu akaavyo na mgonjwa na kumwuliza wapi panapouma.

Shauri la pili ni kuanza na karatasi ya mwaka uliopita. Mkaguzi akilipitisha gari huandika pia maonyo, yaani mambo ambayo bado hayajawa kosa lakini yako njiani. Watu wengi huifurahia hati na maonyo hawayasomi. Hilo ni kosa kubwa, maana onyo la mwaka jana ndilo kosa la mwaka huu. Aliyepoteza karatasi yake asihuzunike. Habari za ukaguzi wa gari lo lote tangu mwaka 2005 zaweza kusomwa katika mtandao kwa kuandika nambari yake tu, bila malipo. Na anayetaka kununua gari kuukuu azisome kabla hajatoa fedha yake, maana mwuzaji hasemi yote, ila karatasi zasema.

Baada ya hayo, taa. Mtu mmoja aketi ndani, mwingine azunguke nje. Ziwashwe moja moja: ndogo, kubwa za chini, kubwa za juu, za kuonyesha upande wa kugeukia, za breki pamoja na ile ya juu iliyo nyuma, taa ya ukungu, na taa ya nambari ambayo ndiyo isahauliwayo kuliko zote. Asiye na msaidizi alisogeze gari mbele ya ukuta wakati wa magharibi, atazame nuru ikigonga ukutani. Taa moja iliyokufa hununuliwa kwa bei ndogo, lakini ikikutwa na mkaguzi yaweza kulirudisha gari nyumbani. Tena vioo vya taa za gari kuukuu hufifia kwa jua la miaka mingi vikawa kama jicho lenye mtoto. Visuguliwe mpaka viangavu.

Kisha matairi. Sheria yasema kina cha mifereji ya tairi la motakaa kisipungue milimita 1.6, katika robo tatu za katikati ya upana wake, na kuzunguka tairi lote. Asiye na kipimo achukue sarafu ya peni 20, aisimamishe ndani ya mfereji. Sarafu hiyo ina ukingo mpana. Ukingo ukifichika, tairi yamkini ni zima. Ukionekana, tairi litiliwe shaka likapimwe. Apime mahali pengi, si pamoja. Na hapa ndipo tulipokosea sisi: tulitazama tairi kwa nje tu. Usukani uzungushwe mpaka mwisho, kwanza kulia, halafu kushoto, ili upande wa ndani wa matairi ya mbele uonekane. Mara nyingi upande wa nje una mifereji mizuri, na wa ndani umelika ukawa laini kama upara. Vile vile mtu apapase ubavu wa tairi kwa kiganja chake. Uvimbe ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimeachana, na tairi la namna hiyo halingoji siku ya ukaguzi, hupasuka litakapo.

Kioo cha mbele nacho kina hesabu yake. Katika ukanda wa upana wa milimita 290 ulio mbele ya usukani, jeraha la kioo lisizidi milimita 10. Mahali pengine panapofutwa na waipa lisizidi milimita 40. Mapambo yaning'iniayo katika kioo, hata yakiwa mazuri, yakiwa mengi hata kumziba dereva asione njia, yaondolewe. Mipira ya waipa iliyokauka na kuchanika ibadilishwe. Ni kazi ya dakika tano. Na ile chupa ya maji ijazwe. Twaona haya kusema kwamba gari letu lilihesabiwa kosa kwa maji tu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu ajaribu honi, atazame vioo vya pembeni, avute kila mkanda kwa nguvu ghafula aone kama wakamata, aukague mkanda wote kama una mahali palipochanika, na afungue kila mlango. Nambari za gari zisomeke, zisiwe zimefichwa na tope.

Halafu aufungue ufunguo wa mota bila kuiwasha, aziangalie zile taa ndogo zilizo mbele ya dereva. Zapasa kuwaka, na mota ikisha kuwashwa zapasa kuzimika. Zile za breki, za usukani, na za mifuko ya hewa imkingayo mtu wakati wa kugongana, zikikaa zikiwaka gari litakataliwa. Taa ya mota nayo yahesabiwa katika magari ya petroli yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Julai 2003, na ya dizeli tangu tarehe 1 Julai 2008. Wako watu waliodhani wamepata werevu kwa kuing'oa taa yenyewe isiwake kabisa. Mkaguzi hutazama kwanza kama yawaka, ndipo atazame kama yazimika. Wala si mkaguzi anayedanganywa hapo. Anayedanganywa ni dereva, ambaye siku breki zitakapokuwa na ila hatakuwa na wa kumwambia.

Tumefika katika breki zenyewe. Mkaguzi huliweka gari juu ya magogo ya chuma yazungukayo, akapima nguvu ya kila gurudumu. Nguvu zote zikijumlishwa zilinganishwa na uzito wa gari. Kwa motakaa iliyoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Septemba 2010, breki za mguu hazina budi kufika 50 kwa mia. Kwa zile za baadaye, 58 kwa mia. Na breki ya mkono, kwa kawaida, 16 kwa mia. Sisi hatuna magogo hayo nyumbani, lakini tuna miguu na masikio. Pedali ikizama polepole mguu ukiwa umeikanyaga, au ikiwa laini kama sponji, kuna jambo. Gari likivutwa upande mmoja wakati wa kusimama, kuna jambo. Magurudumu yakilia kama chuma kinachosagwa juu ya chuma, basi vipande vya kusugulia vimekwisha. Gari lisimamishwe juu ya mlima mdogo, breki ya mkono ivutwe, mtu atazame kama laserereka. Na mafuta ya breki yatazamwe: yakipungua mara kwa mara, hayapungui bure. Lakini hayo yakionekana, kazi ya kutengeneza breki mtu asijifanyie mwenyewe kama si fundi. Jioni yetu ni ya kutazama. Kazi ya breki ni ya mwenye ujuzi wake.

Springi za magari huko Uingereza huvunjika sana, kwa baridi, kutu na mashimo ya barabarani. Mtu azime redio aendeshe polepole penye matuta, asikilize. Sauti ya kugonga-gonga ni ya kiungo kilicholegea au springi iliyokatika. Kisha gari likisimama, akandamize kila pembe kwa nguvu na kuiachilia. Likiendelea kuchezacheza kama mashua, shokamzoba zake zimechoka.

Sasa kutu, adui yetu mkubwa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari zake. Twajua jinsi upepo wa bahari unavyokula mabati, misumari na vitasa vya milango. Uingereza magari hupata chumvi hata yakiwa mbali na bahari, kwa kuwa wakati wa baridi chumvi humwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Magurudumu huirusha chini ya gari, ikaingia katika kila pembe, ikakaa humo ikifanya kazi usiku na mchana. Basi baridi ikisha kupita, sehemu za chini zioshwe kwa maji mengi. Tena mtu apige magoti na kurunzi mkononi, atazame mabomba ya breki, mahali springi zinapokaa, na chini ya milango. Lakini asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu. Watu wamekufa hivyo. Mkaguzi hushughulika hasa na kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali palipofungiwa breki, usukani, springi au mikanda. Kutu katika mlango ni aibu tu, lakini kutu karibu na mkanda ni hatari ya kufa. Wala kandiko si dawa yake. Chuma kibovu hukatwa, kikaungwa chuma kizima kwa moto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi tulikuwa karibu kuumbuliwa kwa mwili wa mtoto.

Jambo la mwisho ni moshi. Mota ikiwa baridi hutoa moshi mchafu kuliko ikiwa imepata moto. Kwa hiyo kabla ya kwenda, mafuta ya mota yapimwe yawe ya kutosha, na gari liendeshwe njia kuu muda wa dakika ishirini au zaidi, lifike kwa mkaguzi mota ikiwa moto. Gari lililozoea kwenda dukani na kurudi tu hujaza masizi tumboni. Tena liwe na petroli ya kutosha, buti yake itolewe mizigo, na uchafu mwingi uondolewe, maana mkaguzi anayo ruhusa ya kukataa kulishika gari chafu mno au lililojaa vitu.

Siku yenyewe ikifika, mtu atafute mahali penye alama ya buluu yenye pembetatu tatu nyeupe. Ada ya juu ya motakaa, iliyowekwa mwaka 2010, ni pauni 54 na peni 85; wengine hutoza kidogo zaidi ya nusu yake kwa kuvuta wateja. Mwenye shaka juu ya gereji zinazokagua na kutengeneza pia, yuko huru kwenda katika karakana za mabaraza ya miji, ambazo nyingi hukagua tu wala hazitengenezi. Hao hawana faida ya kuona kosa lisilokuwapo. Tena kila mahali pa ukaguzi pana nafasi ya mwenyewe kusimama na kutazama. Asimame, atazame, ila asimzungumzishe mkaguzi kazini.

Tangu mwezi wa Mei 2018 makosa yamegawanywa. Liko kosa la hatari, liko kosa kubwa, na liko kosa dogo. Na baada yao yako yale maonyo. Kosa dogo halilizuii gari kupita, bali lapasa kutengenezwa upesi. Kosa kubwa hulikataza. Na kosa la hatari likiandikwa, gari lisiendeshwe hata hatua moja mpaka litengenezwe, hata kama hati ya zamani haijaisha. Gari likiachwa pale pale likatengenezwa, na kukaguliwa tena katika siku kumi za kazi, ada ya pili haitozwi.

Na sisi mambo yetu yaliishaje? Motakaa ile ilikaa gereji siku nyingi. Tulikopa fedha, chuma kibovu kikakatwa, kikatiwa kizima, nasi tulilipa zaidi ya bei ile ya kwanza tuliyoiona kuwa kubwa, maana kutu haikungoja tulipokuwa tukiificha. Ni kama ilivyosemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama wa nyumba yetu alikuwa na kazi ya usiku katika hospitali, naye kwa muda huo wote alingoja basi la alfajiri katika baridi, bila kutulaumu hata kwa neno moja. Hilo nalo lilitufundisha.

Mwaka uliofuata tulitenga jioni yetu. Mzee akaja, akaketi juu ya kiti mlangoni na kikombe cha kahawa, akituamuru kama nahodha. Tuliona taa moja imekufa na tairi moja limeelekea kwisha. Tukabadilisha vyote viwili. Mtoto alitusaidia kwa kukanyaga pedali ya breki huku sisi tukitazama taa za nyuma. Gari likapita, na onyo moja tu likaandikwa, nasi tukaliandika ukutani jikoni tusilisahau.

Lakini, Mabibi na Mabwana, iko habari moja ambayo hatungependa mwisho wa mazungumzo haya ufike bila kuitaja. Hati ile yasema hali ya gari siku ilipokaguliwa, basi. Haisemi ya kesho. Mkaguzi hafungui vitu kwa spana, wala hapimi ubora wa mota, wala klachi, wala sanduku la gea. Gari laweza kupita Jumatatu na tairi lake likachomwa na msumari Jumanne. Zimebaki siku 364 ambazo mkaguzi wake ni mwenyewe. Kwa hiyo Mzee alitushauri, na sisi twawashauri, kwamba jioni ile isiwe ya mwaka mara moja. Mara moja katika mwezi mtu alizunguke gari lake, atazame matairi, awashe taa, apime mafuta na maji. Haizidi robo saa.

Msikilizaji aliye Afrika ya Mashariki, awe mwenye gari lake, au dereva wa gari la watu, na yeye afanye hivyo, iwe sheria ya kwao yamwuliza au haimwulizi. Wale wanaoketi nyuma hawasomi karatasi za gari. Humwamini dereva, wakasinzia njiani.